Uzi maalumu: Kuwaona ndege wanaojificha kwenye matete bila kuwafukuza

Tete_Bichi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Swali ni lile lile kila mara: mtu kaenda hifadhi yenye kinamasi, kakaa kwenye kibanda cha kutazamia ndege nusu saa, karudi na yangeyange na kukuziwa wa kawaida, wakati orodha ya hifadhi ina korongo wa matete, Rallus (jamaa wa kukuziwa mwenye mdomo mrefu), na wale kukuziwa wadogo wa jenasi Zapornia. Tuweke nondo zote hapa. Naanza mimi, mtajazia na kusahihisha. Jina la kawaida likibeba ndege wengi nitatumia la kisayansi ili tusipishane.

Anza na maji. Hata darubini na saa ya kuamka vinakuja baadaye. Ndege hawa wanaishi pale maji na matete yanapokutana, na kila mmoja ana kina chake. Korongo wa matete mkubwa (Botaurus stellaris) anavua kwenye maji ya kama sentimita 20 hadi 30, penye samaki wadogo na vyura. Zapornia pusilla, ambaye kuanzia ncha ya mdomo hadi mkia ana sentimita 16 hadi 18 tu, anataka maji ya sentimita chache yenye majani yaliyolala juu yake akanyage. Rallus ni wa tope laini analoweza kuchoma kwa mdomo wake mrefu. Kwa hiyo kibanda kilichosifiwa mwezi jana kinaweza kuwa bure leo kwa sababu tu maji yamepanda kwa upana wa kiganja.

Tazama mashina ya matete au nguzo za daraja la mbao. Ukiona ukanda wa tope kavu juu ya usawa wa maji, maji yanashuka, na kila siku kuna tope jipya linalofunguka lenye wadudu na konokono. Hapo kaa. Maji yakipanda ghafla, kukuziwa wadogo huhamia kwenye nyasi zilizofurika za kingo za nje, na kibanda cha katikati ya bwawa kinabaki na mabata. Ukimuuliza mlinzi wa hifadhi "ndege wako wapi?" atakupa jibu la jumla. Muulize lini lango la maji lilifunguliwa mara ya mwisho, na matete yalikatwa wapi msimu huu. Majibu hayo mawili yana thamani kuliko ramani yote ya getini.

Pili, chagua pengo, uache kutazama ukuta wa matete. Pengo ni sehemu iliyokatwa, njia ya maji, au kijitope kati ya vichaka viwili. Upana wa mita 3 hadi 10 ndio mzuri. Likiwa pana mno ndege anazunguka kwa nyuma. Likiwa jembamba mno anavuka kabla hujainua mikono. Asubuhi ya baridi pendelea ukuta unaopigwa na jua kwanza, maana hutoka kuota. Upepo ukiwapo, tafuta upande uliokingwa. Matete yakiwa yameinamisha vichwa vyote upande mmoja bila kurudi, siku hiyo tazama bata.

Namna ya kutazama: acha vilele, shuka hadi mstari wa maji. Pitisha macho taratibu kutoka kushoto kwenda kulia kwenye mashina ya chini kabisa, kisha rudia kutoka kulia kwenda kushoto. Unachotafuta kwanza ni dalili kuliko ndege: viduara vya mawimbi vinavyotoka ndani ya matete bila samaki kuruka, shina moja linalotikisika wakati majirani zake wametulia, au kitu cheupe kinachowaka na kuzima karibu na maji. Hicho cheupe ni chini ya mkia. Rallus na kukuziwa wengi huchezesha mkia wanapotembea. Ukiona hivyo usisogee. Miili yao ni bapa ubavuni, wanapita kati ya shina na shina bila kutikisa kitu, na ukimpoteza hapo atatokea mita chache mbele upande ule ule aliokuwa akielekea. Weka darubini kwenye pengo linalofuata, umsubiri huko.

---

Lenzi_Kavu

Asante kwa uzi, mkuu. Niongezee upande wa vioo, maana watu wanapoteza hela huku.

Kwa kinamasi chukua darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42), uiache 10x kwa wanaotazama ufukweni. Sababu ni hesabu ndogo: gawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. 42 kwa 8 ni milimita 5.25, na huo ndio upana wa mwali unaoingia jichoni. 10x42 inakupa 4.2, na 8x32 inakupa 4. Mchana kweupe hutaona tofauti kwa sababu mboni yako imejibana. Ndege hawa lakini wanatoka alfajiri na magharibi, na mboni ikiwa wazi ile milimita moja inaamua kama utaona michirizi ubavuni au kivuli tu. Tena 8x ina uwanja mpana zaidi na haitetemeki sana mkononi. Ndege akivuka pengo kwa sekunde mbili, uwanja mpana ndio unaomkamata.

Kosa ninaloliona sana vibandani ni gurudumu dogo la jicho la kulia kutorekebishwa. Funika lenzi ya kulia, lenga shina moja kwa jicho la kushoto ukitumia gurudumu la katikati. Kisha funika ya kushoto, tazama shina lile lile, na sasa zungusha gurudumu dogo tu. Kumbuka alama iliposimama. Isiporekebishwa, macho yanachoka ndani ya dakika ishirini na utalaumu ukungu.

Halafu weka umbali mapema. Ukishachagua pengo, lenga mashina ya ukingo wake uache hapo hapo. Anayeanza kuzungusha gurudumu baada ya ndege kutokea huishia na picha safi ya tete lililo mbele ya ndege.

Darubini ya miguu mitatu ina kazi yake, hasa kwa korongo aliyeganda upande wa pili wa bwawa. Ibaki kwenye 20x hadi 30x. Lenzi ya milimita 65 ikifika 60x mwali wake ni milimita 1 na kidogo, giza tupu, na jua likishapanda mvuke juu ya maji unafanya kila kitu kichemke.

---

Sikio_la_Usiku

Mmesahau kwamba wengi wa hawa utawasikia mara kumi kabla ya kumwona mmoja. Kwa kinamasi sikio ndilo linatangulia.

Fika kabla ya mapambazuko kwa kama dakika 40, usimame, usiseme. Weka viganja nyuma ya masikio, vidole vimebanana, na uzungushe kichwa polepole. Sauti inapokuwa kali zaidi, pua yako inakoelekea ndiko aliko. Chukua mwelekeo kwa dira ya simu. Tembea mita 50 hivi kando ya njia, rudia. Mistari miwili ikikatana kwenye ramani una mahali pake. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi, kila mmoja na kituo chake. Kipimo kimoja peke yake kinadanganya sana, kwa sababu maji na kuta za matete hurudisha sauti.

Dume la Botaurus stellaris hunguruma kwa sauti nzito ya chini ya hezi 200, na usiku usio na upepo inafika hata kilomita 5. Kwa hiyo kuisikia hakumaanishi yuko kwenye hifadhi yako. Hapa pia ndipo simu zinaposhindwa: nyingi huchuja sauti nzito zikidhani ni upepo, hivyo rekodi inatoka tupu wakati wewe umesikia vizuri. Tumia kinasa sauti, faili ya WAV, kilohezi 44.1 au 48, na zima kichujio cha sauti nzito.

Porzana porzana, naye wa jamii ya kukuziwa, ana mlio mkali kama mjeledi hewani, takribani mmoja kila sekunde, usiku kucha bila kuchoka. Rallus aquaticus anapiga kelele za nguruwe aliyekamatwa, zikianza kwa nguvu na kufifia. Zapornia pusilla ana mkwaruzo mkavu wa sekunde moja hadi tatu, na hapo ndipo rekodi nyingi za uongo zinapozaliwa, kwa sababu kuna vyura wanaokwaruza hivyo hivyo. Dalili ya chura: wako wengi, wanapokezana, na ukikanyaga ubao wananyamaza wote kwa pamoja. Programu ya simu ya Merlin, inayotambua ndege kwa sauti, inasaidia kukuelekeza, ila ikikutajia kukuziwa adimu kwenye bwawa la vyura, chukulia kama swali, si jibu.

---

Mgeni_Kinamasini

Wakuu nafuatilia kwa karibu. Swali: kwa nini nisirushe tu sauti yake kwa simu atoke? Naona watu wanafanya.

---

Pelo_la_Matope

Mgeni, mimi napinga moja kwa moja, na hifadhi nyingi zimekataza. Dume akisikia sauti ya dume mwenzake ndani ya eneo lake anaacha kula, anaacha mayai au vifaranga, anakuja kutafuta adui asiyekuwepo. Kwenye kibanda maarufu, kila mgeni akirusha mara moja tu, ndege yule anapigana siku nzima. Mwisho anahama au anazoea na kunyamaza. Wa baada yako hawaoni kitu.

Na hata ukitazama kwa upande wa faida yako tu: kukuziwa wadogo mara nyingi hujibu wakiwa ndani, au hukujia kimya kimya hadi mita mbili kutoka miguuni ukiwa unatazama mbali.

---

Sikio_la_Usiku

@Pelo_la_Matope nakubali kwa watazamaji wa kawaida. Ila tusichanganye na sensa. Ile itifaki ya Amerika Kaskazini ya kuhesabu ndege wa kinamasi inatumia sauti kwa masharti: dakika 5 za kusikiliza kimya kwanza, kisha kwa kila spishi sekunde 30 za sauti zikifuatwa na sekunde 30 za ukimya, spika ikitoa desibeli 80 hadi 90 kwa umbali wa mita 1, vituo vikiachana mita 400. Baada ya hapo unaondoka. Kuna kibali, kuna ratiba, na takwimu zinakwenda kwa wasimamizi. Bila sauti, ndege kama Laterallus jamaicensis (kukuziwa mdogo mweusi wa Amerika) wangehesabiwa kuwa hawapo.

---

Pelo_la_Matope

Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na yule mwenye spika mfukoni na haraka ya kuongeza orodha.

---

Tete_Bichi

Tuendelee basi. Kuhusu tabia kibandani, machache ambayo watu huyadharau. Mbao za daraja hupeleka mshindo majini, kwa hiyo hatua tano za mwisho tembea kwa kisigino laini, na usiburute kiti. Dirisha lifunguliwe polepole, moja baada ya jingine, na lile la upande wa pili lifungwe, la sivyo kivuli chako kinaonekana kama mtu aliyesimama mlangoni. Mkono au lenzi isitoke nje ya tundu. Rangi ya nguo haina uzito mkubwa kama watu wanavyodhani, lakini koti linalochakacha kila ukiinua mkono lina uzito. Kisha kaa dakika 45 angalau bila kubadilisha pengo. Ndege aliyekusikia ukiingia hunyamaza, na anahitaji muda wa kuamini umeondoka.

Usiingie majini. Kando ya njia utaona vichochoro vidogo vinavyoingia matetani kama mahandaki, vyenye nyayo za vidole vitatu virefu mbele na kimoja nyuma. Hizo ndizo barabara zao, na mara nyingine kiota kiko mwishoni. Ukikanyaga mara moja umemfungulia mwewe na fisi maji mlango. Kaa mbali nazo, lakini zitumie: penye nyayo mbichi ndipo pengo lako la kesho.

Na kuna kipindi utakosa kabisa hata ukifanya yote sawa. Baada ya kuzaliana, wengi wa jamii ya kukuziwa hudondosha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka. Hapo hawathubutu kuvuka uwazi. Usiandike kwamba wametoweka.

---

Ubavu_Michirizi

Naomba kuweka neno kwenye utambuzi, maana nusu ya ripoti za "adimu" zinaangukia hapa.

La kwanza: kifaranga cheusi si ndege mdogo mweusi adimu. Vifaranga karibu wote wa jamii hii huzaliwa na manyoya meusi ya malaika, hata wale ambao wakubwa wao ni wa kahawia. Huko Amerika vifaranga vya Rallus huripotiwa kila msimu kuwa Laterallus jamaicensis. Tazama kama kina mabawa ya kueleweka na mkia. Kama ni kijipamba chenye miguu mikubwa isiyolingana na mwili, subiri mama.

La pili: korongo wa kahawia aliyekaa mtini si lazima awe korongo wa matete. Nycticorax (korongo wa usiku) mchanga ni wa kahawia pia, ila ana madoa meupe kama matone mabawani. Botaurus ana rangi ya dhahabu iliyokolea michirizi myeusi, utosi mweusi, na akiruka mabawa yake ni mapana ya mviringo kama ya bundi. Akishtuka ananyoosha shingo na mdomo juu, michirizi ya kifua inafuatana na mashina, na upepo ukipita anayumba nayo. Ukimkuta hivyo tazama macho: yanageuka chini na kukutazama kwa chini ya mdomo. Ukiweza kuona macho yote mawili, amekuona kitambo.

La tatu, Zapornia pusilla na Zapornia parva, ndipo penye kazi. Usianze na rangi ya kifua, madume wote wawili wana kijivu. Anza na ncha ya bawa lililokunjwa. Kwa parva manyoya marefu ya kurukia yanatokeza wazi nyuma ya yale ya ndani, kiasi cha kuonekana kama ncha ndefu juu ya mkia. Kwa pusilla yanatokeza kidogo sana, nyuma anaonekana butu. Kisha shina la mdomo: parva mzima ana wekundu, pusilla ana kijani tupu. Kisha ubavu: kwa pusilla michirizi myeusi na myeupe inafika mbele ya miguu, kwa parva mzima inabaki nyuma. Mgongo wa pusilla ni wa kutu wenye vijistari vyeupe vilivyopindapinda na kuzungushiwa weusi. Jike la parva lina kifua cha rangi ya mchanga, na hilo halina mjadala. Wachanga wanachanganya, kwa hao rudi kwenye ncha ya bawa.

---

Mgeni_Kinamasini

Na wale wenye mdomo mrefu wanaolala kwenye nyasi fupi za majimaji, wanaoruka ghafla miguuni?

---

Ubavu_Michirizi

Kama alikaa hadi ukabakiza mita moja au mbili, akaruka kimya na kutua karibu, fikiria sululu mdogo, Lymnocryptes minimus. Gallinago (sululu wa kawaida) huruka mapema zaidi, huenda kwa zigizaga na kupaza sauti, na huenda mbali. Ukimpata Lymnocryptes akila, anadunda mwili mzima juu chini kama aliye kwenye springi. Kama rangi ni za kupendeza na macho yana mzunguko mweupe, huyo ni Rostratula benghalensis, na aliyepambwa zaidi ni jike. Dume ndiye anayelalia mayai. Huyo mtafute jioni kwenye tope lenye vivuli, karibu kabisa na majani, maana mchana hukaa kimya kama bonge la udongo.

---

Bamvua_Kuu

Kwa hifadhi za mwambao zenye majani ya maji chumvi, mbinu inageuka. Huko unafuata bamvua. Tazama jedwali la maji, chagua siku za mwezi mpya au mpevu zenye kilele kikubwa kabisa, na uwe umekaa mahali pa juu saa moja na nusu kabla ya kilele. Maji yanapofunika majani, Rallus na wenzake wanasukumwa hadi ukanda wa mwisho wa mimea, na kwa dakika chache wako wazi.

Shida ni kwamba kulastara na mwewe nao wanajua ratiba hiyo. Simama nyuma ya tuta, usisimame kwenye ukanda wenyewe. Ukisimama hapo unawafungia njia ya pekee ya kutokea, wanalazimika kuogelea wazi na wanachukuliwa mbele yako. Wapiga picha wanaosogea hatua moja moja ndio wanaofanya hivyo bila kujua.

---

Lenzi_Kavu

Kuhusu kuweka kumbukumbu: andika saa, kina cha maji kwa kukadiria, upepo, na alionekana au alisikika tu. Tenganisha hayo mawili daima. Kwa wanaotumia eBird (mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege), spishi zilizo hatarini mahali fulani hufichwa mahali pake na mfumo wenyewe, lakini ukiandika kwenye maelezo "mita 10 kushoto kwa kibanda cha pili" na kutupia picha kwenye magrupu, umefuta ulinzi wote. Kiota kisitajwe kabisa.

---

Mgeni_Kinamasini

Swali la mwisho wakuu: korongo mdogo (Ixobrychus minutus) nilioneshwa akivuka, akatua, hakutoka tena. Nifanye nini kwa wakati ule?

---

Tete_Bichi

Usitazame alipotulia. Akishatua anashuka kwenye shina, anatembea kwa kushika shina moja na jingine kwa vidole, na anajitokeza ukingoni mita 5 hadi 10 kutoka pale. Weka alama ya tete lililovunjika au ua lolote pale alipoingia, kisha gawanya ukingo wa pande zote mbili na mwenzako. Ataonekana akiwa ameinama juu ya maji kwa kimo cha kama goti, shingo imekunjwa, na dume anaonyesha kiraka cheupe-krimu bawani hata akiwa ametulia. Ikipita saa bila kitu, rudi kabla ya magharibi. Huwa wanavuka kurudi.